Kura ya mtu aliye mbali na kwao: askari, raia wa ng'ambo na mkimbizi wa ndani



Kila uchaguzi unapotajwa katika vikao vyetu na wakimbizi wa ndani, swali la kwanza huwa si nani atagombea. Watu huuliza: "Mimi niliyekimbia, kura yangu itahesabiwa wapi?" Ni swali zuri kuliko mengi tunayoulizwa na wageni wanaotutembelea. Mtu aliyechukua kadi yake ya mpiga kura Masisi kisha akakimbilia Kalehe anaweza kuwa na kadi mkononi na asiwe na mahali pa kuitumia. Anaweza pia kuchukua kadi mpya kule alikokimbilia, bila kujua kwamba kwa kufanya hivyo amehamisha kitu kikubwa kuliko jina lake.

Somo hili linawaangalia watu watatu walio mbali na kwao siku ya kura: askari aliye kazini, raia anayeishi nchi ya nje, na mkimbizi wa ndani. Tunaanza Marekani, kwa sababu huko sheria ya kura za askari na za raia wa ng'ambo ni ya zamani na imeandikwa kwa undani, na kwa sababu familia zetu nyingi zina ndugu waliopelekwa kuishi huko kutoka kambi za Uganda, Burundi, Rwanda na Tanzania. Kisha tutatazama Bosnia, ambako wakimbizi walipiga kura kwa ajili ya miji waliyofukuzwa. Mwisho tutarudi kwetu Kongo.

Askari wa Marekani

Mwaka 1864 Marekani ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na uchaguzi wa rais ulifanyika vita vikiendelea. Majimbo kadhaa ya Kaskazini yaliwaruhusu askari wapige kura kambini. Wengine walipewa ruhusa warudi kwao kupiga kura. Mabishano yalikuwa makali, na maneno yake tungeyaelewa hata sisi: je, askari atachagua kwa moyo wake au kwa amri ya mkubwa wake? Na nani ataamini masanduku yaliyotoka vitani?

Katika Vita Vikuu vya Pili jambo hilo lilirudi. Sheria ya kura za askari ilipitishwa Septemba 1942, chini ya miezi miwili kabla ya uchaguzi wa Novemba. Askari walikuwa wametawanyika dunia nzima, na ni wachache sana walioweza kupiga kura kwa njia hiyo. Haki iliandikwa, lakini muda haukutosha. Sheria hiyo ilikuwa pia na kipengele kimoja kilichowachoma wanasiasa wengi wa majimbo ya Kusini: iliwaondolea askari kodi ya kura, kodi ambayo huko ilitumika kuwazuia watu weusi wasichague. Wanasiasa hao hawakutaka askari mweusi apate vitani kura aliyonyimwa nyumbani. Tukumbuke hilo tunapoambiwa kwamba kanuni za kura ni mambo ya kiufundi tu. Mara nyingi ubishi juu ya karatasi na bahasha ni ubishi juu ya nani ahesabiwe.

Sheria inayotumika hadi leo ilitiwa sahihi mwaka 1986. Inawahusu askari wa majeshi yote walio mbali na makazi yao ya kisheria, mabaharia wa meli za biashara, wake, waume na watoto wanaowategemea hao, pamoja na raia wote wa Marekani wanaoishi nchi za nje. Mwaka 2009 iliongezewa nguvu baada ya kuonekana kwamba kura nyingi za askari zilikuwa zikichelewa njiani.

Hebu tuone inavyofanya kazi, kwa sababu ndani yake mna mafundisho.

Jambo la kwanza ni mahali. Kura ya askari haihesabiwi kambini. Inarudi katika jimbo lake na kaunti yake, yaani mahali sheria inapotambua kuwa ndipo kwao. Akipelekwa Ujerumani au Japani miaka sita, bado anamchagua mbunge wa kwao. Raia wa kawaida anayeishi nje hutumia anwani ya mahali pa mwisho alipokaa Marekani kabla ya kuondoka. Hata kama nyumba ile imeuzwa, hata kama hana ndugu wala shamba pale, anwani ile inabaki kuwa mlango wa kura yake. Sheria haimwulizi kama atarudi lini.

La pili ni kuomba. Karatasi ya kura haimfuati mtu yenyewe. Kuna fomu moja inayotumika nchi nzima, nayo hufanya kazi mbili pamoja: kujiandikisha na kuomba karatasi ya kura. Wapiga kura hushauriwa kuituma kila mwaka, na tena kila wanapobadili anwani, kwa sababu askari huhamishwa na barua hubaki nyuma.

La tatu ni muda. Tangu mwaka 2009 kila jimbo linalazimika kuwatumia wapiga kura hao karatasi angalau siku 45 kabla ya uchaguzi wa taifa, wakiwa wameomba mapema. Pia lazima jimbo liwe na njia moja au zaidi ya kutuma karatasi tupu kwa intaneti au kwa faksi, ili posta isiwe kisingizio. Namna ya kuirudisha ikiwa imejazwa hutofautiana: majimbo mengine yanadai bahasha ya posta tu, mengine hukubali njia ya elektroniki. Hata siku ya mwisho ya kupokea si moja kila mahali, na majimbo huibadili mara kwa mara. Mwenye ndugu huko amwambie asome kanuni za jimbo lake mwenyewe, asitegemee ya jirani.

Na kama karatasi haikufika? Sheria inaruhusu karatasi ya akiba. Mpiga kura aliyeomba mapema asipokee, huandika kwa mkono wake majina ya anaowachagua, au jina la chama, na kuituma. Baadaye karatasi rasmi ikifika, anaijaza na kuituma pia, na ofisi huhesabu moja tu. Mimi hupenda sana kipengele hiki. Kinakiri kwamba serikali inaweza kuchelewa, na kwamba kuchelewa kwa serikali kusimnyang'anye raia haki yake.

Siri hulindwa kwa bahasha. Kura huwekwa ndani ya bahasha isiyo na jina, nayo huingizwa ndani ya nyingine yenye jina na sahihi. Ofisi hukagua jina na sahihi kwa nje, hutenganisha bahasha, ndipo hufungua ya ndani. Anayehesabu hajui kura ni ya nani. Sahihi ikikosekana, kura inaweza kukataliwa, na hapo ndipo wengi hupoteza.

Kwamba mambo haya madogo ni makubwa, jimbo la Florida lilionyesha mwaka 2000. Uchaguzi wa rais wa nchi nzima ulisimama juu ya jimbo hilo moja, na tofauti rasmi kati ya Bush na Gore ilikuwa kura 537. Kura za ng'ambo ziliruhusiwa kufika hadi siku 10 baada ya uchaguzi, na nyingi za askari zilikuja bila muhuri wa posta wenye tarehe. Kaunti moja ilizikubali, nyingine ikazikataa. Mawakili wa pande zote mbili walibishana juu ya mihuri. Kanuni ilikuwepo, lakini haikutumika sawasawa kila mahali, na kidonda kilibaki.

Sasa lile swali la mwaka 1864: vipi kuhusu amri ya mkubwa? Jibu la Wamarekani lilikuwa kutenganisha askari na bunduki yake. Askari anapiga kura kama raia, kwa barua, faraghani. Lakini sheria ya jinai inakataza afisa kumshawishi au kumlazimisha askari juu ya kura yake, na inakataza vikosi vyenye silaha kuwekwa mahali pa kupigia kura, isipokuwa inapobidi kumrudisha nyuma adui mwenye silaha. Katika vikosi kuna pia mtu aliyepewa kazi ya kuwasaidia wenzake kupata fomu na kujua tarehe. Anasaidia kupata karatasi tu. Hachagui kwa niaba ya mtu.

Ndugu zetu walioko kule

Neno fupi kwa familia. Mkimbizi aliyepelekwa Marekani na kupata kadi ya ukaaji wa kudumu bado si raia. Hana ruhusa ya kupiga kura katika uchaguzi wa taifa, na akifanya hivyo anaweza kushtakiwa na hata kufukuzwa nchini. Kwa kawaida anaweza kuomba uraia baada ya miaka 5. Akishakuwa raia, anapiga kura, na hata akija kufanya kazi Bukavu, Kigali au Nairobi, sheria tuliyoieleza juu inamfuata. Lakini Katiba yetu ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganyiki na mwingine. Kwa hiyo, kwa sheria ilivyo, anayechukua uraia wa kule hawezi kupiga kura pia kama Mkongomani. Familia zizungumze jambo hili waziwazi kabla ndugu hajatia sahihi.

Bosnia: fomu iliyogeuzwa silaha

Vita vya Bosnia, 1992 hadi 1995, viliwatoa karibu nusu ya watu wote majumbani mwao. Lengo la vita lilikuwa hasa hilo: kuondoa kabila moja mahali ili jingine libaki peke yake. Mkataba wa Dayton wa 1995 ulijua kwamba uchaguzi ukihesabu watu mahali walipo tu, utakuwa umepiga muhuri juu ya kazi ya bunduki. Kwa hiyo uliweka kanuni: kwa kawaida, raia atapiga kura kwa ajili ya mji alikokaa mwaka 1991, aende mwenyewe au atume kura yake kutoka mbali. Anayetaka kupiga kura kwingine aombe.

Kanuni ilikuwa nzuri. Mlango wa pembeni ndio uliotumiwa vibaya. Kulikuwa na fomu, ikiitwa P-2, ya mtu kusema kwamba anakusudia kuishi mji fulani na atapiga kura kwa ajili ya mji huo. Wakuu wa vyama waliwasukuma wakimbizi wa kabila lao wajiandikishe kwa wingi katika miji waliyotaka kuishika, kama Brčko. Kulikuwa na taarifa za watu kutishwa kwamba wasipojaza fomu watanyimwa msaada au nyumba. Agosti 1996 shirika la kimataifa lililosimamia uchaguzi, OSCE, liliahirisha uchaguzi wa miji kwa sababu hiyo. Ulifanyika Septemba 1997, baada ya kanuni kukazwa.

Matokeo yake yaliwashangaza wengi. Srebrenica, mji ambao Waislamu wake walifukuzwa na maelfu ya wanaume kuuawa Julai 1995, ulipata baraza ambalo wengi wake walichaguliwa na hao hao waliofukuzwa, kwa kura zilizopigwa mbali. Drvar, mji ulioshikwa na Wakroati, ulipata meya Mserbia, Mile Marčeta, kwa kura za Waserbia waliokuwa wamekimbia. Hapa tusijidanganye: kura haikutosha kuwarudisha nyumbani. Aprili 1998 ghasia zilizuka Drvar na meya huyo alipigwa vibaya. Karatasi ilimpa kiti, ulinzi haukuwepo. Lakini pia hakuna aliyeweza tena kusema kwamba mji ule ni wa waliobaki peke yao.

Kwetu Kongo

Askari wetu na polisi hawapigi kura. Sheria ya uchaguzi ya 9 Machi 2006 iliwaweka kando, na Katiba, kifungu cha 188, inasema jeshi halina siasa na liko chini ya mamlaka ya kiraia. Wengine wanaona askari ananyimwa haki ya raia. Mimi naona kwamba, katika nchi ambako wapiganaji waliingizwa jeshini kundi kwa kundi, wengine wakiwa bado chini ya makamanda wao wa zamani, kanuni hii ilikuwa ya busara. Njia ya Marekani inahitaji kwanza mkubwa anayeogopa sheria. Lakini mke wa askari na watoto wake wenye miaka 18 ni wapiga kura kamili, nao huhamishwa naye kutoka kambi hadi kambi. Juu yao sheria yetu haina fomu wala bahasha.

Wakongomani wa nchi za nje walisubiri muda mrefu. Hawakupiga kura mwaka 2006, wala 2011, wala 2018. Desemba 2023 kwa mara ya kwanza walipiga kura katika nchi tano za majaribio: Ubelgiji, Ufaransa, Afrika Kusini, Kanada na Marekani, na kwa uchaguzi wa rais tu. Si kwa posta: mtu alijiandikisha huko na kwenda mwenyewe kituoni. Nchi jirani, ambako wakimbizi wetu wengi wako, hazikuwemo.

Na mkimbizi wa ndani? Kwa jumla mtu hupiga kura katika kituo alichoandikishwa. Wapo wachache wanaoruhusiwa kupiga kura kituo kingine, kama mashahidi wa vyama, waangalizi na waandishi wa habari walio kazini. Aliyekimbia risasi hayumo.

Sasa lile kubwa nililolitaja mwanzoni. Viti vya ubunge kwetu hugawanywa kufuatana na idadi ya watu walioandikishwa kupiga kura katika kila eneo la uchaguzi. Hayo ni ya kwanza. La pili: tangu mwaka 2005 kadi ya mpiga kura imetumika kama kitambulisho, kwa kuwa wengi hawana kingine. Unganisha hayo mawili. Mama aliyekimbia na kadi yake ikaungua anaona wanaandikisha alipokimbilia. Anasimama kwenye mstari si kwa sababu ya uchaguzi, ila apate kitu cha kuonyesha kwenye baria, benki au hospitali. Ana haki kabisa. Lakini siku hiyo hiyo jina lake limetoka katika hesabu ya teritware yake na kuingia katika hesabu ya wenyeji. Wakifanya hivyo maelfu, kwao kunaweza kupungukiwa viti, na aliyewafukuza amepata zaidi ya mashamba. Kule walikopokelewa nako manung'uniko huanza: "Wageni watatuchagulia mbunge."

Katika kikao kimoja mama mmoja alisimama akauliza: "Nikichukua kadi ya hapa, nimeuza kijiji changu?" Kikao kizima kilinyamaza. Hapana, mama, hukukiuza. Sheria ndiyo iliyokuwekea kitambulisho na kura katika karatasi moja, nayo inaweza kubadilishwa.

Mwaka 2018 tuliona gharama ya kuacha watu nje. Uchaguzi wa 30 Desemba uliahirishwa Beni na Butembo, kwa sababu zilizotajwa za Ebola na usalama, na Yumbi, ambako mamia walikuwa wameuawa katikati ya mwezi huo. Zaidi ya watu milioni moja waliandikishwa maeneo hayo. Waliwachagua wabunge 31 Machi 2019, wakati rais alikuwa ameshaapishwa tangu Januari. Beni, hasira ilifika hadi kushambulia kituo cha Ebola, nao wakaaji wakaandaa kura yao ya mfano siku ile ile ya 30 Desemba. Mwaka 2023 Masisi, Rutshuru na Kwamouth hawakupiga kura kwa sababu ya vita.

Viongozi wanaweza kudai nini? Msingi upo. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1998 kuhusu ukimbizi wa ndani, kanuni ya 22, zinasema mkimbizi wa ndani asibaguliwe katika haki ya kupiga kura. Mkataba wa Kampala wa 2009, kifungu cha 9, unazitaka serikali zichukue hatua ili aweze kuchagua na kuchaguliwa. Kwa hiyo ombi linaweza kuandikwa kwa wabunge na kwa CENI, mapema, wala si wiki ya mwisho: mkimbizi wa ndani achague mwenyewe kama kura yake itahesabiwa kwao au alipo, na vituo viwekwe mahali wakimbizi walipo vyenye karatasi za kwao. Tuliyoona Bosnia yanatuonya kwamba uchaguzi huo wa mahali ufanywe faraghani, mara moja, bila mkuu wa kamati kusimama mezani.

Wakati tunasubiri, kamati zilinde yaliyo mikononi mwao. Orodha ya jetoni za msaada isiwe kamwe orodha ya wapiga kura, na anayewaambia watu kwamba chakula kinategemea kadi fulani aandikwe na kuripotiwa. Asiandikishwe mtu mara mbili, kwani ni kosa la jinai. Aliyepoteza kadi aulize kwanza CENI juu ya nakala yake kabla ya kufikiria kujiandikisha upya. Na kadi haikabidhiwi mtu yeyote "aitunze".

Ya kuzungumza kikundini

Katika kikundi chenu, ni wangapi wana kadi za kwao, wangapi za hapa, na wangapi hawana? Waliochukua za hapa walitaka kura au kitambulisho?

Kama ungepewa nafasi ya kuchagua, ungetaka kura yako ihesabiwe wapi, na kwa nini? Waulizeni na wenyeji waliowapokea, wakiwa wamekaa nanyi.

Mke wa askari aliyehamishwa mara tatu: sheria imsaidie namna gani?

Majibu tuleteeni kwa maandishi kupitia mhudumu wetu wa eneo lenu. Tutayaambatanisha na barua kwa wabunge.